Kadi Namba Arobaini na Moja

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafungua bure.
Tangazo nililibandika mwenyewe
kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa fundi baiskeli,
na mlangoni pa zahanati, ambako nesi alilibandua
akalishusha kidogo, wasome na waliokaa.

*Warsha ya Ngoma. Njoo ujifunze. Chai itakuwepo.*

Walikuja kwa ajili ya chai, sitaki kudanganya:
watoto kumi na saba wa shule ya msingi,
Nehemia Chigwile aliyekimbia jua la stesheni,
na wanawake wanne kutoka ng'ambo ya reli,
mbele yao Sechelela, anayeuza mlenda mkavu kwa kopo.

Alisimama penye kabati la kioo.
Ngoma ilikuwa ndani, kiuno chembamba kama cha nyigu,
na chini yake kadi, mwandiko wangu bora kabisa:
*Ngoma. Mti na ngozi. Mpigaji: mwanamume. Isiguswe.*

"Nisomee," alisema.
Nikasoma.
Alicheka hadi akashika ukingo wa kabati.
Wenzake wakauliza, akawaambia kwa Kigogo,
wakacheka upya, kila mmoja na koo lake,
hata mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka.
"Hii tunaibana hapa," akapiga mapaja yake.
"Huyo mwanamume wako, ulimwona wapi?"

Miaka sita kadi ile ilikaa pale.
Wanafunzi wameinakili kwenye madaftari,
wamepata vema kwa wino mwekundu.

Ufunguo ninao mimi.
Kanuni ninazo pia, ukutani, zimepigwa muhuri.

Ngozi ilikuwa imelegea,
ikatoa sauti ya mtu aliyepaliwa.
Walitaka moto; moto nilikataa katakata.
Basi wakaiweka uani, juani, juu ya gunia,
nasi tukanywa chai tukiingoja.
Jua la Bahi halina haraka, ila halisamehe.
Mara kwa mara Sechelela aliigonga kwa ukucha,
akatikisa kichwa. Bado.
Bado.
Kisha hakutikisa.

Alichopiga siwezi kukiandika.
Nilijaribu kwenye daftari, safu ya Maelezo,
nikaishia nukta nukta.
Najua tu kwamba Wendo, wa darasa la tano,
ambaye mwalimu wake aliniambia hasemi kitu,
alipewa zamu, akakosea, akakosea tena,
akaibana vizuri, akauma mdomo,
na kosa la tatu wale wanawake wakaliitikia.

Jumatatu akaja mkaguzi kutoka mjini na faili.
Alihesabu kwa kidole: arobaini. Arobaini na mbili.
Kwenye kitambaa palibaki mviringo mweupe,
umezungukwa na vumbi la miaka sita.
"Na hii?"
Iko kwa Sechelela, nilisema, inawambwa ngozi mpya.
"Ngoma ikilia sana," alianza,
akanitazama, hakumalizia.
"Hali yake andika basi."

Nilichukua wembe nikakwangua neno moja.
Karatasi ikatoboka pale alipokuwa yule mwanamume,
ukiiinua dirishani unaona reli.
Na penye *Hali*, kwa mwandiko wangu wa kila siku,
nikaandika: *Imechakaa. Inalia.*