Kichupa Namba S-04

Rimouski tunao kumi na mmoja,
Baie-Comeau saba, Sept-Îles wanne.
Jumlisha upendavyo: ishirini na wawili
ambao miguu inawasahau kabla ya uzee,
ugonjwa wa ukoo, adimu hivi kwamba hata jina lake
madaktari hulitamka kwa kusitasita.
Kumi na mmoja si ushahidi, ni kisa.
Wanne ni familia mezani.

Kazi yangu haina darubini.
Mimi ni mratibu: nalinganisha fomu na fomu,
nampigia simu mwanasheria wa hospitali hii
amsikilize mwanasheria wa hospitali ile,
miezi tisa juu ya swali moja,
sampuli ni mali ya nani?
Mimba ingekwisha kuwa mtoto, na mtoto akalia.

Philomène Vollant aliisoma fomu kwa kidole.
"Damu yangu inakwenda wapi?"
Itavuka mto, nikasema, ikakae na za wenzako.
"Na itarudi?"
Damu hairudi, mama. Litakalorudi ni jibu.
"Lini?"
Nikainama, nikaandika tarehe ya siku ile.

Mpwa wake alizitafsiri karatasi kwa Kiinnu.
Kwenye neno "utafiti" alikwama siku mbili,
kisha akaandika: kufuata nyayo thelujini
kabla upepo haujazifuta.
Kamati ya maadili ilitaka neno la kitaalamu zaidi.
Niliijibu kwa mistari mitatu. Neno likabaki.

Msimu wa pili wa baridi, hesabu ziligombana.
Nukta nne za Sept-Îles zilikaa peke yao juu ya grafu
kama kuku waliopanda paa.
Kwenye simu ya Jumanne Dakta Lavergne akasema,
"Labda huko hawajui kupima."
Kikaja kimya, kimya cha watu wanaofunga madaftari.
Penye wengi pana mengi, wanasema,
na siku ile mengi yenyewe yalikuwa kiburi.

Nikaendesha hadi Matane, nikapanda feri,
barafu ikisagika chini yetu kama meno ya aliyelala.
Hoja sikubeba. Nilibeba saa.

Saa moja asubuhi nimeshaketi maabara.
Réjean, fundi, akapokea S-04 kingali vuguvugu,
akavaa koti, akatoka nje.
Nikamfuata.
Mashine ya kuzungusha damu iko jengo la pili,
ng'ambo ya maegesho, nyuzi thelathini chini ya sufuri,
na kichupa amekitia kwapani, ndani ya shati,
kama mtu aliyebeba kifaranga.
Dakika kumi na nane.
Tangu lini?
"Mwaka wa sita huu," akasema, akipuliza vidole.
"Hakuna aliyeuliza."

Bajeti yetu haina fungu la maegesho.
Aliyetoa mashine ni Lavergne, ile yao ya zamani;
aliifunga mkanda mwenyewe kwenye kiti cha abiria
na kijikaratasi juu ya kifuniko:
Mniwie radhi. Hupiga kelele ikikolea mwendo.

Sasa nukta nne zimeshuka, zimeketi na wenzao.
Sitasema kuna aliyepona. Hayupo.
Ipo protini moja inayopanda
kabla mguu haujaanza kusahau,
miezi sita kabla, pengine minane,
na hospitali tatu zilizoiona kwa macho yaleyale.
Kidonge kinasubiri zamu ya kujaribiwa.

Philomène hakusubiri. Alizikwa Mei, ardhi ilipolainika.
Ukurasa wa nne wa fomu yake una tiki, imekolezwa mara mbili:
ndiyo, endeleeni hata nisipokuwepo.

Juzi nilikuwa Sept-Îles tena.
Mpwa wake aliingia, mkono wa shati umekunjwa,
miaka thelathini na mmoja, anatembea vizuri.
Réjean akatafuta mshipa. Pembeni mashine ya kale ikanguruma.
"Hii nayo inakwenda wapi?" akaniuliza,
akicheka kidogo,
maana neno la kumjibu
alikwisha kuliandika mwenyewe.