Namba Kumi na Nne

Bi Zuwena wa Kiuyu ana kuku kumi na saba,
kila mmoja na jina lake.
Mimi nina sindano, daftari, kasha la barafu.

"Taratibu na huyo Sitiri, ndiyo kwanza katoka kutamia."
Naandika: kumi na nne, jike, kishingo, mweusi.
Namfunua bawa, nautafuta mshipa
chini ya ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Tone. Jengine. Basi.

"Na hicho kirusi chenyewe kikoje?"
Hakionekani, namwambia, hata kwa darubini yetu ya Wete.
Akacheka. "Mimi nakiona.
Kwanza kinyesi kijani. Kisha shingo hujipinda
kama mtu aliyeitwa, asijue kaitwa na nani.
Alfajiri jogoo asiwike, ukajua ndiyo."

Sampuli zikangoja miezi mitano,
umeme ukikatika, vibali vikizunguka.
Jibu likaja: chanya, chanya, chanya.
Nikarudi Kiuyu nalo kifuani, nimelikunja kama hirizi.

Banda limejaa kuni.
Akalifuata jina la kitaalamu kwa kidole, herufi kwa herufi,
akanirudishia karatasi.
"Kideri hicho," akasema. "Mama kanitajia
wewe hujazaliwa.
Dawa umeleta?"

Nilileta karatasi.

Usiku ule nikalifungua daftari.
Halina safu ya majina.
Pembezoni mwa kumi na nne, kwa kalamu ya risasi,
nikaandika: Sitiri,
kisha nikahesabu waliobaki kijiji kizima,
na chupa ngapi za chanjo zingetosha,
na meza ya nani nikaigonge kesho.