Farasi wa Zizi la Tisa

Kibao cha mlangoni kimeandikwa KOMANCHE.
Rangi imebanduka, K imebaki na mguu mmoja.
Miaka kumi na mmoja nimemsugua mgongo farasi huyu
hapa uwanja wa mbio, Barabara ya Ngong,
nikidhani ni jina la manukato
au la mke wa mwenye farasi.

Jumanne Daktari Nthenya alikuja kumpima goti.
Nikamuuliza. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
akasema: ni taifa.
Walishuka milimani kwa miguu, mafukara,
mizigo yao ikikokotwa na mbwa.
Halafu wakampata farasi.

Akanyamaza, kana kwamba hapo pametosha.

Kwangu palitosha. Najua mtu anavyorefuka
akishapata mnyama wake.
Vizazi viwili, vitatu, tambarare nzima ikawa ua wao.
Wafalme wa ng'ambo, walioichora ramani na kuiita yao,
wakawa wanawapelekea blanketi, visu, sukari,
ili wapate usingizi.
Wakiamka, farasi hawapo.

"Usiwafanye malaika," akasema. "Waliteka watoto wa watu."
Nikasema hata sisi, nchi hii ilitujua kwa vumbi letu.
"Najua," akasema. "Mimi Mkamba."
Tukacheka, lakini si sana.

Kisha ikaja ndui. Hakuhitaji kunieleza ndui,
nyumbani kwetu ndui ina kigoda chake.
Nyati wao wakachunwa ngozi, nyama ikaachiwa nzi,
mafuvu yakarundikwa hata yakapita paa.
Nami nikaiwaza sotoka:
fahali wa mama wa babu yangu wakianguka huku wakicheua,
na fisi, kwa shibe,
wakisahau kumkimbia mtu.

Mwisho, akasema, askari waliwakuta korongoni,
korongo jekundu, refu kwenda chini.
Watu wengi waliparamia majabali wakaokoka.
Farasi hawaparamii majabali.
Walipigwa risasi elfu moja na zaidi,
kundi baada ya kundi, mpaka bonde likanyamaza.
Kisha baridi ikaingia, na watu wakaja kujisalimisha,
wengi wao kwa miguu.
Kwa miguu, kama walivyoanza.

Komanche akapiga kwato sakafuni.
Ni inzi tu. Sitii maana.

Sisi ng'ombe wetu hawakupigwa risasi.
Sisi tuliletewa karatasi, wino wa dole gumba,
na neno "milele",
ambalo lilidumu miaka saba.
Yale maji baridi tuliyoyapa jina yakawa stesheni,
stesheni ikawa mji,
mji ukatafuta mahali pa kukimbiza farasi siku ya Jumapili.

Mwaka ule wa ukame, alfajiri, nilisikia kengele.
Binamu yangu Sironka alikuwa amekata waya upande wa msitu.
Ng'ombe sitini na wawili, mbavu kama reki,
wanakula nyasi za mbio, zile zinazonyweshwa kwa mpira.
Kazi yangu ni kufukuza. Nina rungu na filimbi.
Nikamuuliza habari za mama yake. Akajibu.
Nikamuuliza za watoto, za ndama, za kisima cha kule chini.
Akajibu, naye akaniuliza zangu.
Salamu za kwetu ni ndefu.
Ziliwafikisha ng'ombe hadi kona ya pili.

Leo goti limevimba zaidi.
Daktari ameacha ile sindano ndani ya mkoba,
atarudi Ijumaa, aamue na mwenye farasi.

Usiku nimeazima brashi na kopo la rangi nyeupe.
Nimemwongezea K mguu.