Pora wa Nansio

Alikuja na meli ya asubuhi, ndani ya kapu la ukindu,
kichwa nje, kama abiria aliyelipa nauli kamili.
Lugembe alinikabidhi pale gatini, akasema:
"Huyu bado pora. Usimdai ujogoo mwezi huu."
Upanga mfupi, wekundu wa kukopa,
kipi hakijachomoza.

Siku kumi na nne nilimtenga
kwenye kreti ya sangara, nyuma ya jiwe kubwa,
maana mwaka jana kideri kilifagia banda zima
na sikutaka kuwa mimi niliyeleta msiba.
Kila asubuhi nilikagua kinyesi chake, macho, pua.
Naye alinikagua.

Nyumba yetu Mabatini imekaa juu ya mawe kama kofia.
Nasema "yetu" polepole, ulimi unapima kwanza.
Ni ya Nyanzobe. Nilihamia Machi
na begi moja, redio, na msumeno,
nikawakuta mabinti zake watatu mezani
wameketi kama mahakama.

Matembe ni sita. Mabinti ndio waliowalea
tangu vifaranga, kwenye katoni yenye balbu,
na umeme ukikatika, jiko la mkaa na zamu za usiku.
Kila mmoja ana jina: Chausiku, Kipele, Kishingo,
Mama Risiti, Bi Mkubwa,
na wa sita, majina yalipoisha, wakamwita Yule.
Bi Mkubwa hajataga hata yai moja
lakini anatembea kama aliyechimba ziwa kwa mkono.

Watu husema: mwingize usiku,
kuku gizani hana ugomvi.
Nikamwingiza saa mbili, tochi mdomoni,
nikamketisha mwisho wa fito.
Hakutoa sauti. Wakasogea kidogo, upana wa kidole.
Nikajiambia, basi, yamekwisha.

Alfajiri, vurugu mechi.
Manyoya yalitoka mlangoni kabla ya kuku.
Kumbe alishachomoka, kajibana
kati ya jiwe na pipa la maji, mkia nje,
Bi Mkubwa kamsimamia kama askari wa soko,
na Limi, binti wa kati, akacheka mpaka akashika ukuta:
"Baba wa watu! Hata kuwika hajui!"

Sikujua anamsema nani.

Siku tatu alikula wa mwisho,
vumbi la dagaa lililobaki ukingoni mwa chombo.
Siku ya nne wadudu wa ziwa walipanda kule majini
kama moshi wa nyumba inayoungua mbali,
upepo ukawamwaga juu ya mawe yetu,
ukutani, kwenye shuka zilizoanikwa, kwenye chai.
Yeye ndiye aliyeliona lundo, jeusi, chini ya jiwe.
Hakula.
Akadonoa, akaangusha. Akadonoa, akaangusha.
Ko-ko-ko, ya chini,
sauti ya mtu anayebisha hodi
kwenye mlango ambao ufunguo wake anao mfukoni.

Yule akatangulia. Kisha Kipele, kisha wengine mbio.
Bi Mkubwa alikuja wa mwisho, akashiba,
akamdonoa shingoni;
lakini nilikuwepo, niliona: ni mazoea tu.

Jana aliwika. Kitu kibovu,
mlango wa bati usio na mafuta, kikakatika katikati.
Holo, mdogo wao, aliamka, akasikiliza,
akasema, "Amekosea saa," akalala tena.

Usiku nilichelewa kutoka karakana.
Wote wamelala. Mezani
sahani moja imefunikwa na nyingine:
ugali wa muhogo, umeshapoa,
na sato, kichwa chake hakijaguswa.
Sikuwasha taa. Nikala taratibu,
mwiba kwa mwiba. Nje,
banda likaguna mara moja, likatulia.