Ufunguo wa Riali Saba u Nusu

Mwezi wa saba, Maabila, saa tisa mchana.
Nje, ukiligusa gari linabaki na ngozi yako.
Ndani kiyoyozi kinakohoa,
na Muhanna, mtoto wa dada yangu Thuwaiba,
kakaa mbele ya skrini, uso umemshuka.

"Mjomba, mchezo umenifungia."

Nikatazama: mlango wa chuma,
theluji inapenya chini yake,
na maandishi yanayometameta, ya adabu sana:
upande wa pili ni riali saba na baisa mia tano.

Mchezo wenyewe nimeununua mimi, Ruwi,
riali ishirini na mbili, sanduku na risiti,
siku aliyofaulu hesabu.
Hesabu hizohizo ndizo ninazopiga sasa.

Mimi kazi yangu milango.
Alumini, mbao, vioo, pale Sinaiya.
Na sijapata kumwambia mteja:
mlango wako, bawaba zako, kitasa chako,
ila ukitaka kuingia chumbani
rudi kesho na pesa nyingine.
Angenitupia nyundo, na kadhi angempa haki.

Tulipokuwa wadogo kanda ilikuwa moja,
watoto sita, tunaipuliza vumbi,
inaisha, inaanza tena,
na hakuna aliyetudai nauli ya ngazi ya mwisho.

Lakini nisiwe mwongo.
Kuna mtu kakaa mahali akaichora theluji hii,
punje kwa punje,
naye ana kodi ya nyumba.
Na mimi mteja akitaka mlango wa pili
simpi kwa bei ya ule wa kwanza.
Kipya ni kipya.
Ninalouliza ni moja tu: chumba hiki kimejengwa lini?

Muhanna, bila kugeuka:
"Kimo ndani ya diski, mjomba. Tangu siku ile.
Wanacholeta ni kitu kidogo tu,
kinafika kabla hujamaliza kupiga chafya."

Kumbe!
Miezi minne theluji imelala kabatini kwa Thuwaiba,
kati ya kopo la ubani na chaja zilizokufa,
imo nyumbani mwetu
na sisi ndio wageni wake.

Nikakataa. Siku mbili nikakataa.
Mtoto akawa anautembeza ule mtu wake mlangoni,
huku na huku, huku na huku,
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Nje digrii arubaini na nane.
Siku ya tatu nikalipa.

Mlango ukafunguka.
Mama yangu, asiyejua hata kushika rimoti,
akasogeza kiti.
"Na hiyo baridi," akauliza, "mtu anaisikia?"
Akajifunika ushungi vizuri, akakaa hadi magharibi.

Mwisho wa mwezi nikatoa daftari la dukani:
saa sitini na mbili kwa riali saba u nusu.
Baisa mia na ishirini na moja kwa saa,
haifiki chai mbili za karaki.
Basi ni rahisi.
Ni rahisi, na nimeibiwa.
Yote mawili yamekaa kwenye risiti moja
wala hayagombani.

Halafu likaja tandiko la dhahabu, riali mbili.
Farasi haongezi mbio, anang'aa tu.
Hilo nikasema hapana, na hapana yangu ikasimama,
ila Muhanna alikuwa na mkono wa Idi
na hakuniuliza.
Nimgombeze kwa mdomo upi?
Juzi nimemuuzia bwana mmoja wa Barka
kitasa cha dhahabu ya kupaka, riali arubaini.
Mlango wake haufunguki vizuri zaidi.

Leo asubuhi kaja mteja kuchukua mlango wa jikoni.
Nikampa funguo tatu, kama siku zote.
Akazigeuzageuza kiganjani, akauliza:
"Na huu wa tatu, bei gani?"

Nikakawia kujibu.