Sarafu Yenye Tundu

Jenereta ya kijiji ilikohoa mara mbili, ikazima.
Saa tatu asubuhi, na nje giza totoro,
kama jana, kama juzi, kama tangu mwisho wa Novemba
huku kwetu, pwani ya magharibi ya Grinilandi.
Mwalimu Arnannguaq hakuguna. Alisema, "Vyema.
Sasa ndipo somo linapoanza."

Akasimamisha kadi tatu juu ya meza,
kila moja na tundu lake, upana wa penseli.
Tochi upande huu. Jicho la Ulloriaq upande ule.
"Unaona?" Anaona.
Kadi ya kati ikasogezwa, unene wa ukucha tu.
"Unaona?" Haoni kitu.
Tukaandika na glavu mikononi,
herufi nono kama sili waliojilaza barafuni:
Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu.

Ulloriaq, ambaye jina lake maana yake ni nyota,
na ambaye hajapata kukubali jambo bila kuligeuza tumbo juu,
akauliza, "Jua litarudi lini?"
"Alhamisi. Saa saba mchana, ukipanda kilimani."
"Siku hiyo litakuwa limepanda juu ya upeo?"
Mwalimu akafuta miwani kwa ncha ya skafu.
"Hapana. Litakuwa bado liko chini.
Lakini mtaliona."

Kimya.
Nikautazama mstari nilioandika.
Wino haujakauka, na tayari ni uongo?

Akatoa mfukoni kroni tano, ile sarafu yenye tundu katikati
(mama huzitunga kwenye uzi wa nyavu, zisimpotee),
akaidondosha ndani ya kikombe cha bati. Kling.
"Rudini nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ukingo uimeze."
Tukaenda kinyumenyume, tukakanyagana.
Inunnguaq akaliangusha tufe la rafuni,
dunia nzima ikabingirika hadi mlangoni, ikagonga kiatu, ikatulia
(hilo lilikuwa somo la wiki iliyopita:
kiendacho huenda, mpaka kitu kikizuie).
Sarafu ikazama nyuma ya ukingo.
"Asisogee mtu."
Akamimina maji kutoka birikani, taratibu,
kama anayemnywesha mtoto mwenye homa.

Na sarafu ikachomoza.

Haikuguswa. Ilikuwa palepale ilipolala,
ila maji yaliushika mwanga mkono
yakautoa kwa njia nyingine.
"Hewa ya baridi iliyolalia barafu," akasema,
"ni nzito kuliko hewa ya juu yake.
Mwanga ukiingia humo huinama kidogo,
kama mgeni mrefu kwenye mlango mfupi.
Haya, malizieni sentensi zenu."
Nikaongeza: mpaka ukutane na kitu kingine.

Alhamisi kilima kilijaa watu na thamosi za kahawa.
Mama hakuwapo, zamu yake kiwandani ilimshika
akikata vichwa vya samaki chini ya taa nyeupe.
Baridi iliuma hadi kwenye meno.
Kisha, huko kusini, kipande cha rangi ya chungwa,
chembamba kama ukucha uliokatwa.
Watu wakavua kofia zao, wazee kwa watoto.
Inunnguaq akapiga ukelele hadi mbwa wa sleji wakamjibu.

Ulloriaq aligeuka akalipa jua mgongo.
Alikuwa anatazama kivuli chake,
kirefu, kikishuka mteremko mpaka kwenye mapaa ya nyumba.
"Kivuli kimefika," alisema. "Mwenyewe bado."

Akafungua kiganja: kroni tano.
Hakuirudisha, wala mwalimu hakuidai.
Akaiinua kando ya sikio lake, akaizungusha, akatafuta,
na kupitia lile tundu doa la mwanga
likatua kwenye koti langu, pale kifungo cha pili kilipong'oka.
Niliacha kupumua ili lisitikisike.

Dakika nne.
Kisha mtu, mahali fulani, akamwaga maji ya kikombe.