Fomu Haina Kisanduku cha Mbuzi

Umeniuliza, Bi Mkaguzi, kalamu umeishika wima,
kwa nini jalada hili limelala miezi kumi na tisa
chini ya mengine, hapa Kampala, kwenye kabati lisilofungika.
Nitajibu. Ila kwanza niache nifunge dirisha,
vumbi la barabara hii lapenda karatasi kuliko mchwa.

Mwenyewe anaitwa Mave Dhedonga, mkunga, wa Bunia.
Cheti chake ni cha Kifaransa, kimekunjwa mara nane,
kilivuka Ziwa Albert ndani ya kitenge, kifuani,
na pale penye jina la mkuu wa chuo
maziwa yalichuruzika, yakafuta herufi nne.
Kanuni yasema: chuo kithibitishe.
Nikakiandikia chuo. Nikaandika tena.
Barua ya tatu ilirudi na mwandiko wa dereva wa lori:
paa hakuna, mwalimu hakuna, mbuzi wapo.

Fomu haina kisanduku cha mbuzi.

Usinione jiwe.
Kabla hujahamishiwa kwetu
alikuja bwana na cheti kinachong'aa kama sahani ya harusi,
mhuri wa dhahabu, utepe mwekundu, na Kilatini pembeni.
Nilikipitisha kabla chai yangu haijapoa.
Yule bwana akafungua kliniki Mubende,
akamchoma sindano Kato, mtoto wa miaka sita.
Wasswa, pacha wake, hadi leo anatandika mikeka miwili.
Tangu hapo kila karatasi naigeuza, nainusa,
naiinua kwenye jua nione kama ina mifupa.

Mave hakungoja na njaa.
Ameweka kikaango mbele ya geti letu:
muhogo, shilingi mia tano, pilipili bure.
Chema chajiuza, walisema waliotutangulia.
Ndiyo, kinajiuza, kimefungwa kwenye gazeti la jana,
na mteja wake ni mimi,
kila siku saa nne,
najipangusa mafuta vidoleni
ndipo niguse jalada lake.

Machi iliyopita alimtazama Apolot, mfagiaji wetu,
akiinama kuokota ndoo.
Akaweka mwiko chini.
"Dada, mtoto amekingama. Usingoje uchungu."
Mulago walimpasua usiku uleule.
Mtoto ni wa kike, akilia geti zima linatetemeka.
Niliyaona haya kwa macho yangu
na sikuyaandika popote,
kwa kuwa Mave aliyajua bila leseni,
na kujua bila leseni, ofisini kwetu,
ni kama kutojua, ila kuna faini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo.
Hatusemi apone lini.

Sasa umenyamaza. Unahesabu tarehe kwa kidole,
kidole kinasimama pale niliposimama mimi.
Unaandika: apimwe kwa mikono yake,
mbele ya wakunga watatu, ndani ya siku thelathini,
jibu litolewe kwa maandishi, liwe ndiyo au hapana.
Na chini, kwa wino mwingine:
karani naye achunguzwe.
Sawa. Andika.
Miaka yote nimeulinda mlango huu
na hakuna aliyeniuliza funguo nimeweka wapi.
Ukimaliza na Mave, fungua droo ya kushoto:
jalada la Mubende limo, na sahihi ni yangu.

Nimeshuka ngazi kumpa habari.
Hakupiga kigelegele. Alipindua vipande, kimoja kimoja,
akauliza mtihani ni saa ngapi.
Nikamwambia saa tatu asubuhi.
Akatazama foleni, watu saba, na wa nane anavuka barabara,
akauliza tena, safari hii si mimi aliyeniuliza:
kikaango, atakishika nani?